Mpira wa Chini

Mjini halina neno.
Kwenye taa nyekundu za Kassel, mbele ya duka la mikate,
linanguruma chinichini, mshale wa joto umetulia
kama mgeni aliyekatazwa kugusa kitu.
Lipeleke barabara kuu, livuke mia na kumi,
hapo ndipo mshale unapoanza kupanda.
Haukurupuki. Unapanda kama mtu apandaye ngazi usiku
asitake kuamsha wenzake:
tisini, tisini na tano, mia,
na mvuke unachungulia kwenye boneti
kabla hujafika kilima cha pili.

Opel GT la mwaka sabini, rangi ya chungwa bivu,
mali ya kaka yangu Volkmar, sasa mali yangu
kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.

Aliniachia na daftari.
Thamostati mpya, Mei 1998. Bado.
Rejeta imezibuliwa. Bado.
Feni ya umeme, mapanga sita. Bado.
Nimesogeza moto wa plagi nyuzi mbili mbele. Bado.
Miaka ishirini na mmoja ya bado, kwa penseli,
mwandiko ukizidi kuwa mdogo
kana kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa ghali.

Hakumuuliza mtu. Alipita njia za vijijini,
sabini kwa saa, akasema anapenda mandhari.
Tuliamini. Mimi hata nilimnunulia
kitabu cha ndege wa msituni.

Maji ya moto hayachomi nyumba, sawa.
Gasketi je?

Nilimwita Wendelin wa nyumba ya pili,
miaka thelathini fundi wa pampu mgodi wa chumvi.
Nilipoanza habari za feni alinyanyua kiganja.
"Feni ni ya foleni. Ukikimbia, upepo ndio feni.
Nionyeshe maji yanapopita."

Nikachuchumaa na tochi. Yeye akashika waya wa mafuta.
Injini ikiwa taratibu, mpira wa chini ulikuwa mnene, mweusi, mzima.
Elfu mbili, mzima.
Elfu nne,
ukanywea mashavu kama mzee anayevuta kiko,
ukabana, ukawa bapa kama ulimi,
na pampu huku inafyonza, inafyonza, haipati.
Akaachia waya. Pup! Ukajaa tena,
hauna habari.

"Umeona?"
Nikasema, rudia.
Akarudia. Nikasema, rudia tena.

Ndani palitakiwa springi. Labda ililiwa na kutu,
labda muuzaji fulani wa zamani aliona haina kazi.
Euro kumi na moja na senti arobaini.
Nusu saa, pamoja na kahawa.

Najua mnachongoja niseme. Sitaki.
Kaka yangu hakuwa mpira wa rejeta.
Alikuwa na goti bovu, na mkopo tusioujua,
na tabia ya kucheka kabla hujamaliza swali.
Ila ni kweli
kila tulipomtazama, injini ilikuwa imezimwa.

Jumapili nikaingia barabara kuu, kuelekea Göttingen.
Mia na ishirini. Mia na thelathini.
Kilima cha kwanza, mkono wangu tayari kwenye swichi ya hita,
ile hila yake ya kuwasha hita Julai
ili injini ipumue kupitia miguuni mwetu.
Kilima cha pili. Mshale themanini na tano.
Cha tatu nikajikuta nauambia, kwa sauti, panda basi,
panda tumalizane.
Haukupanda.

Nilisimama kituo cha mafuta, nikafungua daftari.
Sikuandika "tayari". Niliandika:
mpira wa chini, springi, 11.40. Wendelin.
Nikatia tarehe.

Giza lilipoingia nikasukuma wenzo wa taa kwa nguvu,
maana hili gari hufumbua macho kwa mkono wa dereva.
La kulia likafumbuka.
La kushoto likaishia nusu, linasinzia.
Hilo nalo limo, ukurasa wa saba.
Bado.