Dume la Jikoni

Kwanza nikueleze mkia.
Mpana kama kibao cha chapati,
umejaa mafuta, unayumba nyuma ya kondoo
kama mzigo aliotwishwa bila kuulizwa.
Hawe Nyevu aliuyeyusha kwa moto wa mkwaju,
akatuchua vifua usiku wa kikohozi,
asubuhi tukanuka, na shule nzima ya Langobaya
ikajua nani katoka kwa nani.

Kondoo wetu hawakuhesabiwa.
Kuwahesabu ni kuwaitia fisi.
Waliitwa tu: Baka, Mjane, Deni-la-Tsofa,
na Mla-Leso, aliyetafuna kanga ya harusi.
Sikio la kushoto pengo, la kulia mkwaruzo:
ndiyo hati, ndiyo mhuri.
Hata Mwardei wa ng'ambo ya Sabaki
alisoma sikio, akarudisha.

Halafu akaja Bwana Mifugo Chivatsi
na pikipiki, na koleo la kuhasi.
"Hawa," akasema, "ni ngozi na kwato.
Kilo kumi na nane kwa mwaka mzima!
Dopa anazipita kabla ya miezi minne."
Tukakubali. Nani hapendi kilo?
Madume yakabanwa siku moja,
koleo likasema ta, ta, mpaka adhuhuri.

Moja halikuonekana.

Dopa akashuka kwa lori,
kichwa cheusi, mwili mweupe, mkia kama kidole gumba.
Tulitaka kumpa jina, kumbe ana namba:
0417, hereni ya njano, pale pale
palipokuwa pengo la ukoo.
Wanawe walinenepa, sikatai.
Walinijengea choo cha mawe,
walimlipia Nyamvula karo,
na siku ya mnada Kakoneni
wanunuzi walinipigia simu kabla sijavaa viatu.

Ila mvua za mwaka ule!
Sabaki ikapanda mpaka kwenye mihogo,
nyasi zikalowa, minyoo ikapata sherehe.
Wenye kilo wakavimba chini ya taya,
ufizi mweupe kama karatasi.
Dawa, sindano, risiti.
Namba nikazifuta moja moja
kwa kalamu ileile niliyoziandikia.
Kondoo hafi kwa kelele.
Unajikuta tu unamruka.

Wiki iliyopita Chivatsi amerudi,
mvi kichwani, koleo hana.
Anauliza nyumba kwa nyumba:
yuko wapi yule wa asili, wa mkia,
asiyetishwa na minyoo?
Wakubwa wanaitaka damu yake.
Tena ananisomea: usiache mbachao kwa msala upitao.
Methali hiyo, mwaka wa koleo,
ilikuwa likizo?

Sikumwambia mengi.
Sikumwambia kuhusu jiko la hawe,
mlango umeegemezwa kinu,
ndani giza, moshi, na dume moja
linatafuna ganda la muhogo,
huku bibi amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi
kwa nguvu, kwa makusudi,
ili asisikike kondoo akipumua.

Nilimtolea tu kitukuu,
mwekundu, mkia ukiyumba,
sikio la pengo, sikio la mkwaruzo.
Chivatsi akainama, akaupakata ule mkia
kwa viganja viwili, kama anayepima unga.
Akauliza bei.

Nikamwambia asubiri nilete daftari.
Ukoo huu hauna namba,
ila mimi, siku hizi, nahesabu.