Rasimu ya Tatu

Barua hii nimeipiga chapa mara mbili,
na mara mbili mkurugenzi ameirudisha
na neno moja pembeni, wino wa kijani:
Ongeza.

Rasimu ya kwanza: msamaha wa kodi, miaka mitano.
Ya pili: miaka kumi, na kiwanja cha Ghala
kwa pango la kuona haya kulitaja.
Sasa natia umeme wa kupoza mitambo yao
usiku kucha, kwa nusu bei,
huku mama kule Mawaleh anazima kiyoyozi
saa saba mchana, anajipepea kwa gazeti.

Kampuni haijasema inahama.
Imesema tu, "Tunatazama."
Kama mke anayekunja kanga zake moja moja
mbele ya mume, sanduku wazi, mlango wazi,
apate kuulizwa.
Dubai ni saa tano kwa gari.
Riyadh imeshaleta tende na mkataba.

Nilipomhadithia mama, alicheka cheko la Ng'ambo:
"Mgeni siku ya tatu si hupewa jembe?
Huyu mwaka wa saba, nyie mnampa shamba!"
Kisha akanyamaza, akamkumbuka Mundhir.

Mundhir ndugu yangu yuko mle ndani,
ghorofa ya nne, dawati la dirishani.
Ana mkopo wa nyumba na mtoto wa miezi miwili.
Kila ninapoongeza, namwongezea yeye.
Ndivyo ninavyojiambia, vidole vikienda.

Ila kuna kifungu cha tisa.
Mimi niliandika: ajira mia nne.
Mawakili wao wakarejesha: hadi mia nne.
Hadi. Herufi nne tu.
Mia nne imo ndani ya hadi. Kumi imo.
Hata sifuri imekaa humo, imekunja miguu,
inakunywa kahawa.
Nikamwonyesha mkurugenzi.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Acha," akasema. "Wasije wakaudhika."

Chini ya jengo letu, Bi Shinuna anauza vitumbua.
Mwezi uliopita alichelewa leseni siku kumi na moja,
akalipa faini hadi baisa ya mwisho,
na hadi hii haikuwa na mlango wa nyuma.
Hakuna aliyemuuliza Bi Shinuna
kama naye anatazama.

Nilishuka saa nne, nikanunua vitatu.
Akanitilia cha nne.
"Cha bure?"
"Cha bure nani? Cha kesho hicho.
Kesho utapita kwa yule wa Kimalayalam?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshakitafuna.

Nilikula ngazini, barua mapajani,
na mafuta yakapenya hadi ukurasa wa pili.
Ikabidi niichape tena.
Kifungu cha tisa kikaja kwenye kioo
kama nilivyokiacha,
na kidole changu kikakaa juu ya kile kitufe cha kufuta
muda mrefu kuliko inavyopasa
mtumishi wa serikali.