Wasifu Ambao Haukuchapishwa

Karatasi ya programu ilisema:
Evanthia Mavroudi, mtunzi na mpiga piano,
mzaliwa wa Ugiriki, masomo Athene na Viena,
tuzo tatu, muziki wa sinema kumi na moja,
anaishi baina ya miji miwili.
Hiyo "baina" ndiyo iliyonikaa.

Mimi ni fundi. Nakaza nyuzi za piano
tangu mzee Jayantilal wa Ngara
aniachie ufunguo wake na deni la kodi ya chumba.
Nyuzi mia mbili na kitu,
na Julai ya Nairobi, baridi yake ya kunyonya mifupa,
hazitulii. Ukishika huku, kule kunalegea,
kama watoto wa mama mmoja.

Alifika saa mbili asubuhi, wenyeji hawajamtarajia,
mkononi chai ya maziwa aliyopewa na bawabu,
akaketi sakafuni. Ndiyo, sakafuni,
chini ya tumbo la piano, kama makanika.
"Endelea," akasema. "Mimi nilijifunzia huku."

Ndipo nikaupata wasifu mwingine, kwa vipande,
kati ya uzi na uzi:

kwamba piano ya kwanza ilitoka hoteli iliyofilisika,
panya wamekula sufi ya nyundo zake,
na baba yake, dereva wa lori la saruji,
aliibeba akidhani ni kabati;

kwamba nyanya yake aliitwa misibani, vijiji saba,
na alipoanza kuomboleza
wanawake wengine walishika sauti moja chini,
hawapandi, hawashuki,
ili yeye apate pa kuangukia.

Kwamba Viena walimfunza kuificha.
Miaka ishirini alitunga bila ile sauti ya chini
na wahakiki wakamsifu kwa wepesi.

"Wakiniuliza nani alinifunza," akasema,
"nataja wale wenye sanamu bustanini.
Naona haya kumtaja kikongwe
aliyesahau maneno akaendelea kuimba."

Nikamwambia: hiyo sauti ya chini naijua.
Akacheka kwa adabu, kicheko cha wageni.
Nikamwambia: Riruta, kanisa la Kiorthodoksi,
mjomba wangu Mukabana na wazee wanne wa besi
wameshikilia ile moja
huku padri akichanganya Kigiriki na Kikuyu
kama mahindi na maharagwe.
Sisi watoto hatukuambiwa jina lake.
Tuliambiwa: shika, usiachie.
Nilishika tangu darasa la tatu
hadi sauti iliponivunjika.

Akaweka kikombe chini.
"Basi shika."

Nikashika, ufunguo bado uko kwenye pini.
Naye kule chini akaimba juu yangu
kitu kisicho na neno hata moja,
noti tano tu, nilizihesabu,
tano zilezile za litungu ya babu
iliyobaki Vihiga bila nyuzi.
Bawabu akachungulia: "Kuna msiba?"
Nikasema hapana, tunajaribu piano.

Jioni walijaa: mabalozi, wake zao,
wanafunzi wa muziki wenye viatu vya kuazima.
Alipiga yote yaliyoandikwa.
Kisha kimoja kisichoandikwa.
Mkono wa kushoto ukashuka mpaka mwisho,
kwenye uzi mnene uliokula nusu saa yangu,
ukabaki hapo.
Karatasi zikafunguliwa, watu wanatafuta jina.

Mimi nilikuwa nyuma, kando ya mlango wa jenereta.
Sikujua kuwa nimefungua kinywa
mpaka mama mmoja mwenye kilemba cha kijivu
akageuka akanikazia macho.
Nikajua natolewa nje.
Akageukia mbele tena,
akavuta pumzi,
akashika naye.

Gazeti la Jumatatu liliona athari za Viena.
Ankara yangu haijalipwa.
Na ule uzi mnene, nimepita leo kuupima,
umeshuka kidogo.
Nimeuacha.