Mikono Miwili

Kazi yangu ni viti vya mabasi.
Mwaka wa ishirini na tatu huu navivika ngozi bandia.
Abiria wa Rosario siwajui kwa nyuso,
nawajua kwa mabonde wanayoyaacha wakishuka.
Nyumbani sijawahi kushona hata kifungo.
Kinyozi hajinyoi, husema Nélida,
akinitupia shati lenye kwapa wazi.

Basi Ailén alipoleta sketi ya klabu
akaibwaga mezani kando ya birika,
nilidhani anataka pesa.
"Sitaki nyingine kama hii," akasema. "Tazama."
Akashika ufagio, akainama palepale jikoni
kama anayeusubiri mpira wa hoki,
na mkono wa kulia, wenyewe, bila kutumwa,
ukaruka nyuma kuvuta pindo.

"Kila nikiinama, Baba. Kila mara.
Na gongo linataka mikono miwili."

Ana miaka kumi na minne.
Sikumuuliza ni nani humtazama.
Nilichukua futi.

Ngozi bandia hukaa ukiiambia ikae.
Hiki cha buluu, chenye kunyumbuka,
kitambaa kweli, kilitambaa.
Nilikichora kwa chaki, kikahama.
Nilikibana kwa pini, kikajikunja.
Nikakiwekea kopo la dengu, chupa ya siki,
na kamusi ya kaka yake ambayo hajaifungua tangu Machi,
ndipo kikatulia,
ndipo nikakata.

Sketi ya kwanza nilimpima juu ya jinzi.
Ikamzunguka kama pazia la bafu.
Nélida alicheka hadi akatafuta pa kuketi.

Ya pili ilimkaa. Akageuka, akatabasamu, akainama,
tra!
mshono ukaachia kutoka kiunoni hadi pajani.
Nilikuwa nimepiga mstari ulionyooka,
mstari wa viti, mstari usiojua kupumua.
Hakusema neno. Alikwenda kuvaa suruali.
Hilo ndilo lililoniuma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
usiku ule niliinama mimi, tochi mdomoni,
nikavuta sanduku la bibi yake Nélida,
na ndani kijitabu cha cherehani,
kurasa zake zimeshikana kwa unyevu wa mto Paraná.
Nilizibandua kwa kisu cha siagi.
Kikanifundisha zigizaga:
uzi uende kama mlevi arudiye nyumbani,
kulia, kushoto, kulia,
ili siku ukivutwa uwe na pa kunyookea.
Miaka ishirini na mitatu ya ufundi,
na nilikuwa sijui kuyumba.

Ya tatu, basi.
Bukta ya kubana ndani, imeshikana na kiuno,
lastiki pana vidole vitatu,
marinda mawili kila ubavu,
yafunguke akikimbia, yafunge akisimama.
Na ndani ya pindo, asipoona mtu,
nikapitisha uzi wa rangi ya chungwa, ule wa kazini.
Uzi huo hubeba mizigo ya watu, vikapu, hasira za saa kumi na mbili.
Utamweza mtoto mmoja.

Jumamosi. Baridi ya Julai, nyasi zimelowa.
Wazazi wengine walitazama mpira.
Mimi nilitazama mkono wa kulia.

Robo ya kwanza, haukwenda nyuma.
Ya pili akainama chini kabisa, karibu goti liguse;
nilijizuia kupumua; haukwenda.
Ya tatu alianguka, akainuka,
akafuta tope gotini, wala hakuligusa pindo,
akaondoka mbio na gongo lake
kama mtu aliyesahau kwamba amevaa kitu.

Nami namfuata kiganja kwa kiganja,
vidole kumi juu ya mti mmoja,
mara uwanja mzima ukalipuka,
watu wamesimama, filimbi inalia,
Nélida ananipiga bega, machozi yanamtoka.

"Nani kafunga?" nikauliza.

Akanitazama
kama mwanamke aliyegundua leo
kwamba ameolewa na kiti.