Mlango wa Pazia

Nakuru hatuhitaji kukumbushwa.
Mwezi wa pili vumbi hupanda kutoka ukingo wa ziwa,
jeupe, lenye ladha ya magadi,
huingia kabatini, huingia kwenye uji,
hulala juu ya picha ya Moyo Mtakatifu
kabla sijarudisha kitambaa msumarini.
Kwa hiyo padri aliponigusa paji la uso,
*kumbuka u mavumbi*,
nilitaka kumwambia: Padri,
nimetoka Kaptembwa kwa miguu.

Halafu Injili ile ile ya kila mwaka.
Usalipo, ingia chumbani mwako, funga mlango.

Bwana, chumba ni kimoja.
Futi kumi kwa kumi, na mwenye ploti
alihesabu hata unene wa ukuta.
Upande huu wa pazia kitanda;
upande ule jiko, mitungi,
Kemunto akikariri hesabu za sehemu kwa sauti,
Ombati na kikohozi chake,
na mama mkwe, Bosibori, anayeuliza kama nimelala.
Jirani akipiga chafya nyuma ya mabati
mimi ndiye ninayesema "afya".
Nifunge mlango upi?
Nikiufunga huu
nimewafungia wote ndani pamoja nawe.

Nimejaribu bafuni.
Baba Yetu ilifika *utupe leo* ikakatikia hapo,
foleni nje inagonga bati:
"Mama Kemunto, maji yamekuishia
ama umeokoka?"

Jumatano hiyo hiyo nilikwenda kufua, Seksheni Hamsini na Nane.
Mtoto wa pale, Tirop, miaka minne,
alilowesha kidole kwa mate
akaanza kunisugua usoni.
"Anti, uko na uchafu."
Na Injili nayo ilikuwa imesema: ufungapo, nawa uso.
Asubuhi kanisa linanipaka, mchana mtoto ananifuta.
Nikamwacha asugue.
Sijui kati yao ni yupi aliyekuwa akihubiri.

Shuka kumi na mbili. Mapazia ya sebule.
Vumbi lile lile langu,
halisimamishwi getini.
Nikazamisha mikono, na kukawa kimya,
kwa kuwa hakuna amtumaye mtu
mwenye povu hadi viwikoni.
Hapo nikataja jina la mume wangu,
sijalitaja tangu simu yake izime Desemba.
Nikataja kodi.
Nikataja siku ile ya sukari,
nilivyomtazama Bosibori akichota kijiko cha pili,
na nilichokisema moyoni.
Sikuomba kitu.
Nilitaja, nikakamua. Nilitaja, nikakamua.
Maji ya beseni la kwanza yalitoka rangi ya majivu.

Jioni mama mkwe aliniuliza kama nimekula.
"Nimefunga, mama."
"Hata mimi," akasema. "Tangu Jumatatu."
Akageukia ukutani, akavuta shuka.

Nikainua kifuniko cha debe la unga.

Tangu Jumatatu watoto walikuwa wakishiba,
nami nilidhani ni uhodari wangu wa kupima.
Mikono yangu bado ilinuka sabuni ya watu.

Nikalishika pazia, nikalitupa juu ya kamba,
chumba kikawa kimoja kweli.
Kemunto akainua macho kutoka kwenye daftari:
mbona?

Lina vumbi, nikamwambia.
Nitalifua kesho.