Pembeni

Ukisema "honi" hapa Tabora, mtu hugeuka
kutazama kama kuna gari nyuma yake.
Kwa hiyo nasema pembe. Fundi baiskeli wa Cheyo
akauliza: ya ng'ombe au ya swala?
Ya shaba, nikamwambia, na nikaifunua kitenge.
Ilijikunja mezani kama mtu mwenye msokoto wa tumbo.
Aliishika kwa mikono miwili,
akalehemu ufa wake, akakataa pesa.

Shangazi Kalunde hakuipenda tangu mwanzo.
Vidole vya kushoto ndivyo vinavyobonyeza,
na mkono wa kulia, wa ugali na wa salamu,
umezamishwa ndani ya kinywa cha chombo
kama wa mkunga.
"Kinyume," alisema. "Kila kitu chake kinyume."
Ni kweli. Tarumbeta huwaimbia watu,
mimi naimbia ukuta,
ukuta ndio unaowapelekea habari.

Miaka ishirini na sita kiti cha pembeni.
Besi hutamka, mimi hujibu nyuma yake:
yeye bum, mimi pa. Yeye bum, mimi pa-pa.
Harusi ya Isevya, pa-pa.
Mazishi ya mkuu wa stesheni, pa.
Ukinisikia bila wenzangu
utadhani nimeshikwa na kwikwi.
Ila wiki niliyolazwa kwa malaria,
Katabi wa besi alisema bendi ilitembea
kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Na zile noti chache za juu zinazoachwa ziwe zangu,
hizo ni kubisha hodi gizani.
Milango imebanana mno:
unabisha kwa Kapela, anafungua jirani,
na kanisa zima linamwona jirani
akiwa na taulo.

Mwalimu Mihambo, karani wa chama cha asali,
ndiye aliyenitia kazini.
Kila tundu la pembe hii aliliziba kwa nta ya miombo;
ndiyo maana jua likipanda
chombo changu hunuka mzinga.
Ukipatia, alisema, "Sasa rudia."
Ukikosea, alisema, "Sasa rudia."

Halafu jino. La juu, la mbele, linacheza.
Daktari wa Kitete alilisukuma kwa kidole:
"Jumatatu tunang'oa."
Jumatatu ipi?
Mshonaji akivunja sindano atanunua nyingine.
Nilimwomba Pasaka ipite.

Saa kumi na moja alfajiri, makaburini.
Karabai moja kwa watu kumi na wawili,
koti la marehemu mume wangu juu ya sare.
Treni ya Kigoma ikalia mbali.
"Hiyo sasa ndiyo honi," Katabi akanong'ona,
nikacheka, na kucheka kukaniuma.

Ubeti wa tatu una noti zangu nne.
Nikabana. Jino likasogea.
Ya kwanza ilitoka.
Ya pili ilitoka na upepo na ladha ya damu.
Ya tatu, akafungua jirani.
Ya nne sikuipiga kabisa,
na mahali pake akawika jogoo wa Ng'ambo,
chini kidogo ya sauti, lakini kwa wakati.

Baadaye nilichomoa mirija, nikaizungusha pembe
kama usukani, maji yakatoka.
Watoto husema ni mate.
Si mate, ni pumzi iliyopoa ikakosa pa kwenda.
Yalidondoka juu ya udongo wa Mwalimu Mihambo
kabla sijaona nimesimama wapi.
Nikangoja aseme.

Umande tu. Watu wakakunja madaftari.
Shija, mtoto wa Katabi, alikuwa ameduwaa,
anaitazama pembe, si mimi, mdomo wazi.
Nikayahesabu meno yake ya mbele.
Yote yapo.