Mita Sitini

Ncha moja ya futikamba nilishika mimi.
Nyingine aliishika Sikujua Kondo,
kasimama ndani ya Mto Mzinga, kibwebwe kiunoni,
maji ya sabuni ya watu wa juu yakimpita magotini.
"Vuta, Afisa, vuta! Au kamba ya Serikali fupi?"

Haikuwa fupi.
Sitini tangu ukingoni, ndivyo sheria isemavyo,
na sitini zilimeza matuta ya mchicha,
zikameza matembele, na bamia zilizoanza kutoa maua,
zikaja kukoma kwenye kizingiti cha choo.

Nikamsomea waraka, kwa Kiswahili cha waraka:
mnufaika ataipumzisha ardhi,
mnufaika atapanda mianzi na vetiva,
mnufaika atalipwa ruzuku ya hifadhi kila baada ya miezi mitatu.
Akasikiliza mpaka nukta ya mwisho.
"Yaani nalipwa nisilime?"
Ndiyo.
"Basi marehemu mama alinichapa bure."

Akapanda. Miche mia mbili na kumi na nne, nilihesabu mwenyewe.
Januari, jua la kukausha mate,
alinyweshea kwa ndoo ya rangi iliyotoboka,
akiziba tundu kwa kidole gumba.
Mchicha wa kula nyumbani akaanza kununua,
fungu mia tatu,
kwa jirani wa ng'ambo, ambaye waraka haukumfikia.

Masika mto ukaja usiku,
ukaja na magodoro, mlango wa friji, mbuzi mzima wa mtu.
Kwa jirani ukala ukingo na nusu ya jiko.
Kwa Sikujua ukafika, ukapapasa mizizi,
ukajikunja, ukapita.
Nikapiga picha. Picha zikapanda mpaka Dodoma.
Nikapongezwa kwa barua.

Fedha nazo zikashuka.
Lakini fedha hufuata hati, na hati
inasema Evarist Rwegoshora, wa Mbezi Beach,
aliyenunua bonde hili bila kulikanyaga,
akamwachia mama wa watu alime, wavamizi wasiingie.
Alinipigia simu mwenyewe. Si mtu mbaya.
"Nimeingiziwa laki tatu na arobaini. Za nini?"
Za mianzi.
"Mianzi gani?"

Sikujua huja ofisini kila Jumatatu na simu yake ya kubonyeza.
"Hebu nitazamie, mwanangu, macho yangu haya."
Natazama. Kuna bahati nasibu. Kuna deni la kikoba.
Namrudishia.
"Bado, mama. Mtandao."

Wiki iliyopita nilikwenda kukagua.
Katikati ya mianzi, mita ya thelathini na tisa,
tuta moja la mchicha, jembamba kama mkeka wa mtoto.
Fomu ina swali: Je, mnufaika amekiuka masharti?
Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka nchani,
kisha nikaandika kweli tupu:
mnufaika hajalima hata tuta.
Mnufaika yuko Mbezi Beach.

Alinifungia fungu kwenye gazeti. Nilikataa, kisha nikabeba.
Nimelila leo na ugali,
na kila tonge linaniuliza ulijua lini,
nami nina jibu moja tu mdomoni,
jibu ambalo, Mungu wangu, ni jina lake.